BADILI CHENI NA SPROKETI ZA PIKIPIKI YAKO NYUMBANI



Katika darasa letu la Genkuru, wilayani Tarime, yuko mwanafunzi mmoja ambaye kazi yake ni bodaboda. Mchana hubeba abiria kwenda Nyamongo na kurudi. Jioni huja darasani na daftari lake na vumbi lake. Siku moja alichelewa. Mikono yake ilikuwa myeusi kwa oili mpaka kwenye viwiko. Akatoa mfukoni kipande cha cheni kilichokatika, akakiweka juu ya meza.

"Mwalimu," akasema, "cheni za siku hizi ni uzi tu. Hii ni ya tatu tangu tupande mahindi."

Usiku uliotangulia alikuwa amembeba mama mjamzito kumpeleka zahanati. Walipokuwa wanapanda mlima, cheni ikakatika. Bahati nzuri hawakuanguka. Yule mama akatembea kwa miguu sehemu iliyobaki, mama mkwe wake akimshika mkono na kumulika njia kwa simu. Alijifungua salama alfajiri. Lakini mwenzetu huyu hakupata usingizi. Alikuwa anawaza: je, ingekatika wakati wa kushuka?

Nikamwuliza, "Kaka, ulipobadili cheni, ulibadili na sproketi zake?"

"Hapana. Niliambiwa sproketi ni nzima, hazijavunjika."

Tukatoka nje na taa. Sproketi ni yale magurudumu mawili ya chuma yenye meno, dogo la mbele kwenye injini na kubwa la nyuma kwenye tairi. Ni kweli hapakuwa na jino lililovunjika. Lakini meno yote yalikuwa yamechongoka na kupinda upande mmoja, kama kucha za mwewe. Jino zima halichongoki hivyo. Jino zima lina kichwa butu, na pande zake mbili zinafanana.

Hapo tukalipata shina la tatizo. Cheni na sproketi zake mbili huliwa pamoja. Ukifunga cheni mpya juu ya meno yaliyopinda, cheni hiyo haikai sawasawa. Hupanda juu ya meno, huvutwa na ncha badala ya shina la jino, na huchakaa upesi sana. Ukifanya kinyume, ukaacha cheni kuukuu juu ya sproketi mpya, cheni itayala yale meno mapya. Mama mmoja darasani alilieleza jambo hili vizuri kuliko mimi. Alisema, "Ni kama kumwaga mahindi mapya kwenye gunia lenye wadudu."

Basi Jumamosi iliyofuata tulikutana chini ya mti, tukabadili vyote vitatu kwa mikono yetu. Leo ninakueleza tulivyofanya.

Cheni hurefuka vipi?

Watu husema cheni "imevutika". Chuma chenyewe hakivutiki kama mpira. Cheni imeundwa kwa pingili nyingi, na kila pingili imeunganishwa na mwenzake kwa pini. Vumbi na mchanga wa barabara zetu huingia kwenye pini, ukasaga kama tupa. Kila pini ikipungua kidogo tu, kidogo hicho hujumlishwa mara mia na zaidi. Ndiyo maana cheni inalegea.

Aina hii ya cheni yenye vigurudumu vidogo juu ya pini si ya juzi. Ilibuniwa mwaka 1880 na Hans Renold, mtu wa Uswisi aliyekuwa anafanya kazi mjini Manchester, Uingereza. Baiskeli zikaichukua kwanza, pikipiki zikafuata. Hata neno bodaboda lilianzia kwenye baiskeli, zile zilizobeba watu na mizigo mpakani mwa Kenya na Uganda. Kwa hiyo wewe uliyewahi kufunga mnyororo wa baiskeli, kazi hii si ngeni kwako.

Sasa chukua rula. Geuza tairi kidogo mpaka cheni inyooke na kukaza. Weka alama ya chaki juu ya pini moja. Ihesabu hiyo kuwa ya kwanza, endelea mpaka pini ya 21. Kwa nini 21 na si 20? Fikiria uzio. Ukiwa na nguzo 21, nafasi kati yake ni 20. Sisi tunapima nafasi.

Cheni mpya ya namba 428, ambayo ndiyo hutumika kwenye pikipiki nyingi ndogo za kubebea abiria, ina milimita 254 katika pingili 20. Ikifika milimita 259, imekwisha. Tofauti ni milimita 5 tu, chini ya upana wa kidole cha mwisho. Ile cheni ya mwenzetu ilikuwa na milimita 262. Aliipima mwenyewe, akasoma mwenyewe, akarudia mara mbili kwa kutoamini.

Kama huna rula, shika cheni kwa vidole pale nyuma kabisa ya sproketi kubwa, uivute kuelekea nyuma. Ikiachana na meno mpaka uone karibu nusu ya jino, usisubiri tena.

Dukani

Nenda dukani na cheni ya zamani, au nenda na namba. Namba imegongwa ubavuni mwa pingili. Futa oili kwa kitambaa, utaiona: 420, 428 au nyingine. Tarakimu ya kwanza, 4, inaeleza umbali kutoka pini hadi pini. Ni sehemu 4 kati ya 8 za inchi, yaani nusu inchi, au milimita 12.7. Tarakimu mbili zinazofuata zinahusu upana. Angalia mtego uliopo. Cheni ya 420 na ya 428 zina umbali uleule wa pini, kwa hiyo ukizilaza pamoja juu ya meza unaweza kudhani ni ndugu. Lakini upana hautoshani. Ukiona herufi H baada ya namba, maana yake bamba za ubavuni ni nene zaidi.

Hesabu pia meno ya sproketi ya zamani, mbele na nyuma. Anza kwenye jino lenye alama ya chaki, usije ukahesabu jino moja mara mbili. Kisha hesabu meno ya mpya kabla ya kutoa pesa. Hesabu na pingili za cheni. Duka zuri litakuuzia seti: cheni, sproketi mbili na pingili ya kufungia, ile ambayo wengi wanaiita loki. Mwenye duka akikuharakisha, mwambie unajua kusoma na kuhesabu, na leo umekuja kuvitumia.

Kabla ya kugusa cheni

Zima injini. Chomoa ufunguo, tia mfukoni mwako. Si mfukoni mwa pikipiki, wala si kwa mtoto. Mfukoni mwako.

Nasema hivi kwa sababu nimemwona kijana aliyekuwa anasafisha cheni kwa kitambaa huku injini inanguruma na gia imeingia, ili tairi lizunguke lenyewe na kazi iende haraka. Cheni ilikamata kitambaa, kitambaa kikavuta mkono. Vidole viwili vilikwenda. Tairi huzungushwa kwa mkono, injini imezimwa na gia iko huru. Hakuna njia nyingine.

Simamisha pikipiki kwa stendi kubwa mahali pa tambarare. Tandika gunia safi pembeni. Kila kitu unachokifungua kilaze juu ya gunia kwa mpangilio, kushoto kwenda kulia, kama unavyoandika. Wakati wa kurudisha utasoma kutoka kulia kwenda kushoto.

Vifaa vyetu vilikuwa spana za kawaida, namba 10 hadi 19 na moja kubwa zaidi ya ekseli, plaizi, bisibisi, nyundo, mafuta ya taa kwenye kopo, mswaki wa zamani na rula.

Kufungua

Ondoa kwanza kava la cheni, halafu kifuniko cha sproketi ndogo upande wa injini. Huenda ukalazimika kutoa kanyagio la gia. Kabla ya kulitoa, chora mstari kwa msumari kwenye kanyagio na kwenye mhimili wake, ili ulirudishe palepale. Usipofanya hivyo utajikuta unatafuta gia kwa kisigino.

Usiitoe cheni bado. Cheni iliyo mahali pake inakusaidia kushika sproketi ndogo isizunguke. Tia gia namba moja, mwenzako akanyage breki ya nyuma, wewe legeza bolti za sproketi ndogo. Pikipiki nyingine ina bolti mbili na kibamba, nyingine ina nati moja kubwa yenye washa iliyokunjwa ukingo. Kama ukingo umekunjwa, unyooshe kwanza kwa bisibisi na nyundo. Ukilazimisha spana utaharibu nati. Legeza vilevile nati za sproketi kubwa kama spana inafika, halafu nati ya ekseli.

Sasa rudisha gia iwe huru. Legeza zile skrubu mbili za kukazia cheni, kushoto na kulia, kisha sukuma tairi mbele. Cheni italegea. Zungusha tairi kwa mkono mpaka uione loki. Ina kibanio chembamba. Kisukume kwa plaizi, kitoke, cheni itafunguka.

Kabla ya kutoa tairi, fungua fimbo ya breki, na ule mkono wa chuma unaoshika bamba la breki lisizunguke. Ukumbuke sana mkono huo. Kuna watu wamewahi kurudisha tairi wakausahau. Siku ya kwanza wakikanyaga breki, bamba lote huzunguka na tairi hukwama ghafla. Sisi tulimpa mzee mmoja darasani kazi moja tu: kukaa kwenye kigoda na kutukumbusha mkono wa breki. Alitukumbusha mara sita. Hatukukasirika.

Chomoa ekseli. Angalia vibomba na washa zilivyokaa, kipi kushoto na kipi kulia, uvilaze kwenye gunia.

Kufunga vipya

Safisha tope lote kwa mswaki na mafuta ya taa, hasa nyuma ya sproketi ndogo, ambako grisi na mchanga hushikamana kama udongo wa chungu. Ukiona oili inachuruzika kutoka kwenye mhimili, sili imekufa, nayo ibadilishwe sasa hivi. Tazama na zile raba ndani ya habu ya nyuma. Zikiwa zimepasuka, cheni mpya itapigwapigwa kila unapoongeza mafuta.

Funga sproketi ndogo, uso uliokuwa nje ubaki nje. Funga kubwa. Nati zake uzikaze kwa msalaba: moja, halafu inayotazamana nayo, usizunguke kwa duara. Kama zina washa za kukunja, tumia mpya. Ile iliyokunjwa na kunyooshwa mara nyingi hukatika.

Rudisha tairi, vibomba, ekseli, fimbo ya breki na mkono wa breki. Usikaze ekseli kabisa.

Pitisha cheni juu ya sproketi zote mbili. Kutanisha ncha zake mbili juu ya meno ya sproketi kubwa, pale nyuma. Meno yatazishika, hutahitaji mkono wa tatu. Tia loki, tia bamba lake, kisha kibanio.

Hapa simama kidogo, msomaji. Kibanio hiki kidogo ndicho kinachobeba roho za watu. Upande mmoja umefungwa, ni mviringo. Upande mwingine uko wazi, kama mkia. Kifikirie kuwa samaki. Cheni inapokwenda, kichwa cha samaki lazima kitangulie na mkia ufuate. Sehemu ya juu ya cheni huvutwa kwenda mbele, kuelekea injini. Kwa hiyo loki ikiwa juu, kichwa kitazame mbele. Ikiwa chini, kichwa kitazame nyuma. Ukikifunga kinyume, jiwe au kipande cha mti kinaweza kukisukuma kikatoka.

Nalijua hilo kwa gharama yangu. Mara ya kwanza kubadili cheni peke yangu nilifunga samaki anayeogelea kinyumenyume. Nilikuwa nimesoma chuo cha ualimu, nikaona aibu kuuliza. Kibanio kilianguka njiani sijui wapi, cheni ikafunguka nikiwa kwenye tambarare. Nilisukuma pikipiki jua kali mpaka kijiji cha pili, na watoto wa shule wakinisaidia kwa nyuma huku wakicheka.

Kukaza

Wengi hudhani cheni nzuri ni ile iliyokaza kama uzi wa zeze. Sivyo. Tairi la nyuma hupanda na kushuka, na abiria akikaa, cheni hukaza zaidi. Isipokuwa na nafasi, itavuta beringi za injini na za tairi mpaka zife. Ikilegea mno, itaruka kwenye meno, au itachomoka na kujisokota kwenye tairi.

Katikati ya sehemu ya chini, kati ya sproketi mbili, isukume cheni juu na chini kwa kidole. Kwenye pikipiki nyingi ndogo nafasi yote iwe sentimita 2 hadi 3. Kama una kitabu cha pikipiki, fuata kilichoandikwa humo. Zungusha tairi na upime mahali panne. Mahali panapokaza kuliko pengine ndipo pa kufuata.

Skrubu za kukazia zizungushe sawa, nusu mzunguko kushoto, nusu kulia. Kuna mistari iliyochorwa karibu na ekseli pande zote mbili. Kama kushoto ekseli iko mstari wa tatu, na kulia iwe mstari wa tatu. Isipokuwa hivyo tairi litakaa kombo, na cheni italiwa ubavu. Kaza ekseli kwa nguvu. Pima tena, maana kukaza ekseli huweza kubadili nafasi. Tia pini mpya kwenye nati za ekseli na za mkono wa breki, uzipasue ncha. Rekebisha breki, kisha rudisha makava yote. Kava la cheni si pambo. Khanga au kitenge cha abiria kikiingia kwenye cheni, humvuta mtu chini kabla dereva hajasikia kelele.

Zungusha tairi kwa mkono. Sikiliza. Sukuma pikipiki, jaribu breki. Kisha endesha peke yako, polepole, usimbebe mtu. Baada ya siku mbili tatu za kazi, pima tena, kwa kuwa cheni mpya hulegea kidogo inapozoea.

Oili ipakwe baada ya safari, cheni ikiwa na joto, upande wa ndani wa sehemu ya chini. Ikizunguka, oili itajisukuma yenyewe kuelekea nje. Oili ya gia inafaa. Grisi nzito kwa vumbi la Nyamongo ni kama kumwagia mchanga. Oili chafu iliyotoka kwenye injini wengi huipenda kwa sababu ni ya bure, lakini ina chembe za chuma. Kila baada ya mvua kubwa au kuvuka tope, safisha na upake upya.

Kuna kazi za kumwachia fundi. Bolti ikikatikia ndani, ekseli ikipinda, au cheni yako ikiwa ya kugongwa isiyo na kibanio, usijaribu kwa patasi. Fundi mzuri ana kifaa chake, naye anastahili ujira wake. Tofauti ni kwamba sasa utajua kama amekufungia vitatu au kimoja, na samaki wake anatazama wapi.

Hesabu za darasani

1. Pingili 20 za cheni ya 428 zimepimwa, zina milimita 258. Cheni imeongezeka milimita ngapi? Zimebaki ngapi kufika mwisho wake?

2. Sproketi ya mbele ina meno 14, ya nyuma 42. Tairi likizunguka mara moja, sproketi ya mbele huzunguka mara ngapi? Mtu akifunga ya mbele yenye meno 15, pikipiki itapanda mlima kwa urahisi zaidi au kwa shida zaidi? Jadilianeni na wenye pikipiki.

3. Tuseme cheni peke yake ni shilingi 15,000, nayo juu ya sproketi mbovu inadumu miezi 3. Tuseme seti nzima ni shilingi 40,000, nayo inadumu miezi 12. Kwa mwaka mmoja utalipa kiasi gani kwa kila njia? Ongeza na siku ulizokosa kazi, na hesabu ya mwenye pikipiki uliyotakiwa kupeleka siku hizo.

Majibu: 1. Imeongezeka milimita 4, imebaki 1. 2. Mara 3. Kwa shida zaidi, ingawa kwenye tambarare itakwenda kasi zaidi. 3. Shilingi 60,000 na shilingi 40,000. Siku zilizopotea kila mtu ajaze zake.